Jirani Asiye na Hati

Jirani yangu wa Mabwepande, huku Kinondoni, ana hati ya kiwanja, risiti za kodi ya ardhi na mpapai mmoja unaozaa ajabu. Tumbili hana hata kimoja, ila mapapai anakula yeye.

Mzee kahangaika. Kafunga mbwa, mbwa kabweka siku mbili, ya tatu kazoea. Kasimamisha sanamu yenye jezi ya Yanga, na kufikia Jumapili tumbili kakaa begani mwa sanamu, anamenya. Mzee, ambaye ni Simba damu, alisema hilo halikumshangaza.

Akaenda kwa mjumbe kushtaki uvamizi. Mjumbe akamuuliza, "Mzee wangu, nani kamkuta mwenzie?"

Swali gumu. Pori la Pande liko hapo nyuma. Waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 waliletwa huku na serikali mwaka 2012. Hao hawakuuliza ramani, waliuliza hema. Sisi wengine tulikuja kwa dalali, aliyesifia "hewa safi na utulivu". Tumbili hakumtaja. Kunguru weusi je? Walau hao ni wageni kama sisi: Waingereza waliwaleta Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka, wakagundua vifaranga ni vitamu zaidi.

Mzee sasa kaamua kuhama. Kapata kiwanja kingine, bei nafuu, hatua chache zaidi kuelekea porini. Jana kanionyesha miche kumi ya mipapai.