Sarafu za Kamuzu na Jembe la Jirani

Jirani yangu fundi redio ndiye chanzo cha yote. Alichukua redio kuukuu ya AM, akazungushia mfuniko wa ndoo waya wa shaba uliotoka kwenye feni iliyoungua, akaufunga mfuniko kwenye ncha ya bomba la plastiki, akatangaza kwamba hiyo ni mashine ya kusaka sarafu za kale. Msiicheke. Mitetemo miwili ya umeme ikigongana, redio hupiga mluzi, na madini yakisogea karibu na waya, mluzi hubadilika sauti. Ila betri zikichoka hukamata mahubiri.

Na sarafu zenyewe si ndoto. Malawi ilipopata uhuru mwaka 1964 ilitoa shilingi zake zenye sura ya kiongozi wake, Kamuzu Banda, ya peni sita ikiwa na jogoo upande wa pili. Mwaka 1971 zikaja kwacha na tambala. Kabla ya uhuru zilitumika za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na peni yake ilikuwa na tundu katikati, tembo mmoja kila upande wa tundu. Sasa, Dzaleka kabla ya kuwa kambi yetu ya wakimbizi mwaka 1994 ilikuwa gereza walikotupwa wapinzani wa Kamuzu. Fundi alishikilia kwamba askari jela wote walikuwa na mifuko iliyotoboka.

"Kamuzu yumo humu chini," alisema, "tena wengi wengi. Anatumikia kifungo chake mwenyewe."

Tulianzia kiwanja cha mpira. Fundi kavaa spika za masikioni, anapepeta ardhi kwa bomba, mimi nyuma na kijembe. Mzee mmoja wa Kivu akasimama ghafla, akanyoosha mikono kuwazuia watoto.

"Mwanangu, kuna bomu?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta sarafu za zamani."

"Franga ya zamani?" Akashusha mikono. "Mbona hata ya leo hatuioni?"

Mashine haikulia. Fundi akaijaribu kwenye sufuria ya watu, ikalia hadi mama mwenye sufuria akatoka nje. Ilikuwa nzima. Kiwanja ndicho kilichokuwa kitupu. Huko Uingereza wasakaji hulalamika kwamba bustani za umma zimekwisha kusakwa, eti wanaokota takataka tu. Waje huku. Kambi iliyopangiwa watu elfu kumi na kitu inabeba zaidi ya 50,000, na nusu yao, naapa, ni watoto wanaoburuta sumaku ya spika kwa kamba. Msumari haulali chini usiku mmoja. Chuma chakavu kina mnunuzi, shaba ina mnunuzi anayekimbia, na vizibo vya soda ni kete za dama. Takataka yenyewe ilikuwa imeshasakwa.

Basi Lilongwe. Mkimbizi hatoki kambini kiholela, kwa hiyo tukaomba ruhusa, na penye sababu ya safari Fundi akaandika "utafiti". Ndani ya minibasi kondakta alitaka bomba lilipiwe nauli, maana lilikuwa limekaa kwenye kiti vizuri kuliko mimi.

Tulichagua uwanja wa wazi karibu na mto, upande wa Old Town. Hapo mashine ililia kila hatua, na kila hatua ilikuwa kizibo. Carlsberg walianza kupika bia Blantyre mwaka 1968, na mimi nadhani chupa zote tangu siku hiyo zilifunguliwa kwenye uwanja ule. Kizibo cha bia huwadanganya hata wenye mashine za maelfu ya dola, sembuse mfuniko wa ndoo. Mlinzi akaja na rungu lake: "Achimwene, mukufuna chiyani?" Yaani, kaka, mnataka nini? Tulipomweleza, uso ukamkunjuka. Alikuwa amepoteza ufunguo wa kufuli. Mchana mzima tukatafuta ufunguo.

Hatukuuona. Tuliona tambala moja ya 1971, ya kijani kwa kutu, jogoo amebaki kifua na mkia, na upande wa pili Kamuzu hana pua. Fundi aliibusu. Mimi nikapiga hesabu: tambala mia ni kwacha moja, kwa hiyo andazi la kwacha mia lingetaka majogoo elfu kumi.

Mwaka 1992, kijijini Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake Eric Lawes akaenda na mashine kuitafuta, akagundua hazina ya karibu sarafu 15,000 za Kirumi, nyingi za fedha na nyingine za dhahabu. Nyundo nayo ikapatikana, na leo iko British Museum. Nilimsimulia Fundi hayo ili kumtia moyo. Kosa likawa kuyasimulia kwa sauti mbele ya majirani.

Tangu hapo kila mtu ana nyundo. Kijiko, hereni, kufuli, nati ya baiskeli. Wiki iliyopita mashine ililia kwenye bustani ya mboga ya mama mmoja Mrundi, tukafukua jembe lisilo na mpini. Wakatokea wenyewe watatu. Fundi akamwomba kila mmoja aeleze jembe lake lilivyo. Wote wakasema ni la chuma.

"Mimi sibishani," akasema mama, kaliweka chini ya kanga. "Mashine imelilia kwangu. Na nyie msiondoke, shemeji yangu amepoteza sufuria. Hizo sarafu mkiziona, ziacheni pembeni, zisije zikawachelewesha."