Muulize Shangazi Kipaza: Nanong'ona, Nyumba Nzima Inaitikia

Shikamoo Shangazi,
Nauza mitumba hapa Manzese, mwaka wa tisa sasa. Juzi usiku nilimnong'oneza mke wangu kwamba hela ya kodi imetimia, ila mwenye nyumba asijue kwanza, nataka nifungue belo la jinzi. Kabla mke wangu hajajibu, mpangaji wa chumba cha nne akasema, "Chukua la mashati, jinzi siku hizi haziendi." Asubuhi mwenye nyumba alikuwa mlangoni na kitabu cha risiti. Mke wangu anaapa kuwa tangu nimuoe sijawahi kunong'ona. Nifanyeje?
Mnadi, Midizini

Marahaba mwanangu. Andika polepole, barua yako imeniumiza sikio.

Nyumba yako naijua bila kuingia. Korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo uani. Kuta zinaishia kwenye kenchi, dari hakuna, na bati ni moja kwa wapangaji wote. Neno likitoka kinywani linapanda, linagonga bati, linashukia kila kitanda. Nami nimewahi kupanga nyumba ya namna hiyo. Kwa mlio wa kijiko kwenye glasi nilijua jirani amekunywa dawa yake ya saa mbili, na siku kijiko kisipolia nilikuwa silali. Basi usijilaumu peke yako, fundi naye ana sehemu yake.

Sehemu yako ni hii. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 jambo ambalo konda yeyote angemweleza bure: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujua, kelele ikikoma huishusha. Alikuwa akimtilia mgonjwa kelele sikioni huku mgonjwa akizungumza, na kwa njia hiyo akawanasa waliojifanya viziwi. Kiziwi wa kweli sauti yake ilibaki palepale, mwongo akaanza kupayuka.

Wewe kelele umejinunulia mwenyewe. Najua unayo ile spika ya mkononi, umeirekodi "buku, buku, kila nguo buku". Jirani yako kairekodi yake, "jero, jero". Ili mteja akusikie inabidi uishinde sauti yako mwenyewe, na hiyo haikohoi wala haili mchana, ina betri. Wataalamu wa afya kazini huanza kuhesabu hatari kwenye desibeli 85 kwa saa nane. Sikio lililoshinda humo hurudi nyumbani limefifia, linalia nziii, na unachokiita mnong'ono ni kile tu ambacho sikio hilo bado linakipata. Likipumzika usiku hurudi. Lisipopata nafasi ya kupumzika, kuna siku halitarudi.

Kwa hiyo zima spika nusu saa kabla ya kufunga biashara. Ukifika nyumbani, kabla ya siri yoyote, ziba sikio moja kwa kidole. Utaisikia sauti yako ndani ya fuvu, nzito kama ya mgeni, na koo litashuka lenyewe. Kisha msogelee mkeo: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inamfikia na desibeli sita za nyongeza bila koo kutoa jasho. Kama kumsogelea ndiko kugumu, hiyo ni barua nyingine.

Siri za fedha kazizungumzeni juu ya daraja la waenda kwa miguu, pale Darajani, saa kumi na moja jioni, Barabara ya Morogoro ikinguruma chini yenu. Pale hata wewe hutajisikia. Na kodi ya watu lipa.

Shangazi,
Nina sauti ndogo. Kila jioni kwenye mwendokasi nasema "naomba kushuka", hakuna anayegeuka, mlango unafungwa, napitishwa kituo cha Tip Top, nashukia Urafiki, narudi kwa miguu.
Kinanda

Kosa lako ni kusubiri gari lisimame. Anza kusogea mlangoni tangu kituo cha Argentina, na uache kuongea na migongo ya watu ukiwa umeinamia mkoba. Inua kidevu, vuta pumzi ya tumboni, neno lako liishie kwenye "a" ndefu, kama makonda wanavyoivuta "shushaaa". Ile "a" ndiyo inayopita katikati ya makwapa. Ikishindikana, sema taratibu, "Jamani, nasikia kutapika." Utapewa njia mpaka mlangoni.

Shikamoo Shangazi,
Baba mkwe alifuma nguo kiwandani miaka mingi, sasa amestaafu na tunakaa naye. Akiomba chumvi, mtoto analia. Wiki iliyopita majirani walituletea mjumbe asuluhishe ugomvi. Ugomvi wenyewe ulikuwa mzee ananisifia mchuzi.
Mkwe, Uzuri

Marahaba mwanangu. Mzee hana hasira. Mashine za kufumia zimemla masikio, na sikio ndilo linalomwambia mtu sauti yake imefika wapi. Kule Lancashire, Uingereza, wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu, wakisomana vinywa kiwandani, maana sauti haikuwa na kazi. Huyu wako anapayuka kwa sababu kwake yeye ndiyo kwanza anaanza kusikika.

Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo. Njiti ya kiberiti msimtie. Nta kwanza haifanani na ugonjwa wake: mwenye nta iliyoziba hujisikia mkubwa kichwani, akaongea chini. Mzee angekuwa na nta tu, mngekuwa mnalalamika kwamba hasikiki.

Nawe usimjibu kwa kupayuka, mtajikuta na wajumbe wawili. Mguse bega, kaa mbele yake uso ukiwa kwenye mwanga, sema taratibu, aone midomo. Kubalianeni ishara: kiganja kikishuka taratibu, naye anashuka. Ishara hiyo ifanyike chini ya meza, wageni wasiione. Ni mtu mzima, amelisha nyumba kwa masikio yale. Mjumbe naye mkaribisheni mchuzi, ausikie ukisifiwa akiwa karibu.

Mwisho, kwa msomaji aliyekuja mlangoni kwangu jana usiku kunisomea barua yake kwa faragha: wapangaji wameshajadiliana. Watano wanasema umuache, mmoja anasema msamehe. Mimi nipo na yule mmoja.