Mashujaa wa Chalbi

Ukitaka kumjua mpenda jangwa wa Nairobi, tazama paa la gari lake: hema, koleo, madumu ya mafuta, magurudumu mawili ya akiba. Lami ya Isiolo hadi Moyale, waliyoingojea wenyeji miongo na miongo, yeye analalamika imeondoa utamu wa safari. Basi Marsabit anakata kushoto, anauacha mlima na ukungu wake, anateremka hadi Chalbi, ziwa lililokauka likabaki chumvi na vumbi. Hapo anashuka, anashika kiuno, anapigwa picha za ushujaa. Mara lori kuukuu la mbuzi linampita, abiria wamening'inia juu ya vyuma, dereva kavaa ndala. Linasimama kwa huruma: walidhani kaharibikiwa.