Shokapu Chini ya Mwembe: Mwongozo kwa Asiyeambilika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule aliyeulizia bei ya ufundi gerejini, akaguna, akasema "hiyo kazi naifanya mwenyewe Jumapili," akaondoka na funguo zake. Yupo Mikumi, yupo Kilosa mjini, yupo Kimamba na Ruaha, na hakuna hoja ya kumrudisha. Kwa kuwa shauri limeshakatwa, basi angalau tulifanye kwa mpangilio.

Tuanze na hesabu. Kwenye kubadili shokapu, kinachokula pesa ni shokapu zenyewe. Zinafuata mauntingi, bushi na alaimenti. Ufundi ndilo fungu dogo kuliko yote, na ndilo ulilochagua kuliokoa. Utakuwa na muda wa kulitafakari hilo saa nane mchana, ukiwa umelala chali, vumbi likikudondokea machoni.

Hatua ya kwanza ni kutambua ugonjwa, na ushauri wangu ni kwamba usiutambue. Ukianza kuchunguza, utaharibu Jumapili. Shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza hiyo springi isiendelee kuruka shimo likishapita. Ndani mna oili na pistoni yenye vitundu na valvu. Tairi likipanda, oili inasukumwa kupita kwenye vitundu hivyo kwa taabu, mtikisiko unageuka joto, joto linatokea kwenye bomba na kupotelea hewani. Nyingi za siku hizi zimetiwa nitrojeni kidogo ili oili isitoe povu. Sasa iweke shokapu hiyo kwenye njia ya Mikumi kwenda Kilosa kupitia Ulaya (Ulaya yetu, haina viza), kilomita zaidi ya 70, pale ambapo lami haijafika na rasta zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo. Pistoni haipati nafasi ya kupumzika hata kidogo. Ukifika Kilosa ukaigusa shokapu, utaondoa mkono haraka. Oili ya moto inalegea, vumbi linasaga sili, na siku moja unakuta bomba limelowa mafuta hadi chini.

Jirani akiliona anatoa hukumu: "Shokapu hiyo!" Huenda. Lakini ule mlio wa ko-ko-ko kwenye tuta, ambao ndio uliokuamsha, mara nyingi ni linki ya stablaiza, au bushi za mkono wa chini, au boljointi, au mauntingi iliyokatika mpira. Shokapu iliyokufa hailalamiki sana. Gari ndilo linaloyumba, pua inazama ukishika breki, tairi zinalika mabakamabaka. Wewe una mlio, huna dalili. Endelea, nunua shokapu.

Utaagiza kwa simu, Gerezani, Kariakoo. Muuzaji atakuomba namba ya chesisi. Mjibu kwa kujiamini: "Noah ya kawaida, kaka." Usimsikilize akisema Noah inayovuta kwa magurudumu mawili na inayovuta kwa manne haziazimani shokapu, wala kwamba za mbele zina kushoto na kulia kwa sababu kibanio cha mpira wa breki kimechomelewa upande wake. Mzigo utapandishwa basi la Iringa au Mbeya na kuteremshwa Mikumi. Kama uko Kilosa, unaufuata Msamvu. Utaufungua na kukuta shokapu mbili za kushoto, nzuri sana.

Ukitaka unafuu zaidi zipo za mtumba. Zimeoshwa kwa dizeli na kupakwa rangi nyeusi, hivyo dukani hazivuji. Uvujaji wake ni mali ya mnunuzi. Kama iko mkononi mwako, ibonyeze hadi mwisho uiachie. Ya gesi iliyo hai itapanda yenyewe, taratibu, bila kusita. Ikibaki chini, au ikipanda kwa kushtukashtuka, irudishe kaunta na uage kwa adabu. Haya ndiyo mambo ambayo fundi huyafanya akiwa anaongea na simu, nawe ukadhani anapoteza muda.

Uwanja wa kazi ni chini ya mwembe, kwa sababu ya kivuli. Hapa wa Kilosa wawe waangalifu kuliko wa Mikumi. Udongo wa bondeni ni wa mto Mkondoa. Ndio ulioushusha, na mara kwa mara huja kuudai. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 ulivunja kingo zake, ukaingia mjini na kuzoa reli ya kati kuelekea Gulwe. Udongo ulioliacha tuta la reli liende na maji hautaona haya kumeza jeki yako. Tanguliza ubao mnene na mpana, ndipo jeki ije juu yake.

Kisha kuna suala la tofali. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa matofali ya kuchoma na zimesimama miaka, kwa hiyo akili inakutuma uchukue mawili ya kuegemezea gari. Tofali hubeba nyumba kwa sababu mzigo umetandazwa juu ya mamia ya wenzake. Likisimama peke yake chini ya chesisi, chuma kikaligusa nukta moja, linapasuka bila notisi. Tafuta gogo la mti mgumu lililokatwa sawa pande zote mbili, na tairi uliyoifungua uilaze chini ya ubavu wa gari. Gari likitaka kuanguka, lianguke juu ya rimu.

Watazamaji watajileta wenyewe. Kijana wa bodaboda atasema, "Mzee, hiyo nati unaikaza, hufungui." Atakuwa na haki. Mwingine atashauri nyundo, na wa tatu atashauri nyundo kubwa zaidi. Halafu atakuja mstaafu wa reli, maana Kilosa hawakosi, atazunguka gari zima na fimbo yake bila kusema kitu, mwishowe atauliza kabari za magurudumu ya nyuma ziko wapi. Mpe shikamoo, umpe kiti. Katika kundi lote hilo ni yeye pekee anayejua kwamba kitu kizito huwa kinatafuta njia ya kuondoka.

Boliti mbili za chini, zinazoshika shokapu kwenye chuma kinachobeba gurudumu, hazijafunguliwa tangu Japani. Zilowanishe kwa dizeli tangu jana yake; ukishindwa, ongeza urefu wa spana kwa bomba, si ukali. Kabla hujazigusa, chora alama ya patasi kuonyesha shokapu ilikaa wapi, kwa sababu kwenye magari mengi hapo ndipo mlalo wa tairi unapoamuliwa. Kalipa ukiifungua ifunge kwa waya kwenye bodi ya gari, si kwenye springi, maana springi itatoka pamoja na shokapu. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, ambao uliundwa kupitisha oili na haukuahidi kubeba chuma. Chuma hicho cha gurudumu nacho kishikilie, kisiangukie nje, la sivyo kitavuta shafti ichomoke kwenye gia boksi, nawe utaongeza kazi ya pili ambayo hukuipangia Jumapili yoyote.

Sasa shokapu imetoka na springi yake imeikumbatia. Hapa mzaha unakaa pembeni kwa aya mbili.

Noah, IST, RAV4, Carina: mbele zote hutumia mpango wa Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeufikiria miaka ya 1940, Ford Consul ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia, mwaka 1950. Springi na shokapu zikaunganishwa zikawa kitu kimoja. Kiwandani iliokoa nafasi na gharama. Kwako ina maana kwamba nati ile moja ya juu, katikati ya mauntingi, inayokuvutia kwa jinsi inavyoonekana rahisi, ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Huo ni mtego uliokwisha kutegwa. Pembe moja ya gari la kilo 1,500 hubeba kilo zaidi ya 300, na springi hiyo hata ikiwa nje ya gari bado imebanwa. Ukiifungua nati bila kuibana springi kwanza, mauntingi itapaa, na kilicho juu yake kwa kawaida ni uso wa mtu anayechungulia.

Kinachotakiwa ni vibanio vya springi: boliti mbili ndefu zenye kulabu, zikae pande mbili zinazotazamana, zikazwe kwa zamu, raundi chache huku, raundi chache kule, mpaka springi icheze ndani ya viti vyake. Waya wa seng'enge si kibanio. Kamba ya katani ni fahari ya Kilosa lakini si kibanio. Kama huna, chukua shokapu zote mbili zikiwa nzima, zipeleke kwa fundi akubadilishie springi tu, umlipe, urudi kuzifunga mwenyewe. Waungwana wengi hufanya hivyo na hawamsimulii mtu. Chuo cha VETA kipo hapo Mikumi. Hawafundishi kitu hiki kwa sababu wana muda wa kupoteza. Mwenye Land Cruiser Hardtop anaweza kucheka hapa: shokapu zake zimesimama mbali na springi, anafungua juu, anafungua chini, amemaliza.

Lakini mwenye shangingi asicheke.

Wewe ulilinunua mnadani, likiwa na vioo vyeusi na heshima yake yote, na sasa linaruka kila likikanyaga hata ganda la muwa. Baadhi ya Land Cruiser VX za mfululizo wa 100, za kati ya 1998 na 2007, hazina shokapu unayoijua. Zina pampu, tangi la oili chini ya boneti, mirija ya chuma hadi pembe zote nne, na kwenye kila pembe tufe la chuma: upande mmoja nitrojeni, upande wa pili oili, katikati utando. Unabonyeza kitufe, gari linanyanyuka au linachuchumaa. Asili ya fikra hiyo ni Ufaransa. Paul Magès wa Citroën aliiweka kwanza kwenye magurudumu ya nyuma mwaka 1954, na mwaka uliofuata gari la DS likaonyeshwa Paris likiwa limekalia oili na gesi magurudumu yote. Toyota hawakuwa na ujasiri huo. Walibakiza springi za chuma na kuzisaidia kwa oili.

Kupima tufe hakuhitaji spana, na ndiyo maana hakuna anayepima. Injini ikiwa inanguruma, nyanyua gari hadi juu kabisa, soma alama za oili kwenye tangi. Lishushe hadi chini, soma tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya karibu alama 14. Ikiwa chini ya 7, nitrojeni imeshaaga. Hairudishwi kwa pampu ya upepo ya pale kituo cha mafuta, hata kijana akisisitiza.

Usiongeze oili ya breki. Mipira ya mfumo huo haikuumbwa kwa ajili yake. Itavimba, kisha itaachia. Usilegeze mrija wowote kujaribu tu, maana msukumo wa humo unazidi ule wa tairi mara 20 na zaidi, na oili inayotoka kwenye kitundu chembamba hupenya ngozi bila kuacha jeraha la maana. Huo ni upasuaji wa haraka, si plasta, na Hospitali ya Mtakatifu Kizito hapo Mikumi isifanywe sehemu ya mpango wako wa Jumapili. Tena, ukifungua skurubu ya kutolea hewa, gari linashuka pembe hiyo hadi mwisho wa mwendo wake. Swali ni wewe ulikuwa wapi.

Wengi huishia kuung'oa mfumo wote, wakafunga shokapu za kawaida, springi ngumu zaidi nyuma na toshenba nzito mbele. Gari linatembea, nalo linabaki na taa moja ya dashibodi inayowakawaka kwa uchungu, ambayo huzibwa kwa gundi nyeusi ya umeme. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kuuza kitufe kwa mnunuzi wa baadaye.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, husema watu wasiowahi kurudisha. Jambo moja tu: boliti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze gari likiwa hewani. Zishike kidogo, shusha gari likalie tairi zake, ndipo ukaze. Ukizikaza likiwa juu, mpira unafungwa ukiwa umejipinda, na utakatika kabla ya masika. Na ukishafunga upande mmoja, jifute jasho: shokapu hubadilishwa jozi kwa jozi, na upande wa kulia bado haujaguswa.

Likibaki la kujaribu, jaribu mtaani, polepole, sikiliza, rudi ukague kila nati. Baada ya hapo alaimenti, hata kama usukani umenyooka. Usilipeleke moja kwa moja barabara kuu. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, imekatwa na njia ya kwenda Zambia kwa kilomita kama 50. Kuna matuta na mabango yenye faini ya kila mnyama utakayemgonga, na tembo hapishi mtu anayejaribu shokapu. Nati ikidondoka humo, usishuke kuitafuta. Kaa ndani, funga vioo, piga simu. Mwongozo huu hautumiki chini ya gari lililosimama kwenye nyasi za simba.