Kongole kwa Mbishi

Majemadari wamejengewa minara, wapenzi wametungiwa nyimbo, na hata punda, kwa ukaidi wake wote, amepata wa kumsemea. Mbishi wa mtandaoni hajapata hata kibao cha njia panda. Anayesemwa hapa ni yule ambaye saa nane za usiku, nyumba nzima ikikoroma, bado yu macho akimwandikia mtu asiyemjua, aliye bara jingine, aya ya sita mfululizo kumthibitishia kwamba faili la muziki lililobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni uchafu usiofaa masikio ya muungwana. Halipwi. Hashukuriwi. Kesho atachelewa kazini. Na bado wapo wanaothubutu kumwita msumbufu.

Apewe basi haki yake, angalau kwa maneno, maana fedha hataki. Anachotaka ni kukubaliwa, na hicho hakuna atakayempa.

Kwanza asifiwe kwa wepesi wa hukumu. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple ilionyesha iPod: kisanduku cheupe chenye diski ya gigabaiti 5, bei dola 399, kinachobeba nyimbo elfu moja. Siku hiyo hiyo Rob Malda, mwasisi wa Slashdot, kijiwe cha mafundi wa kompyuta wa Marekani, akatoa hukumu fupi kuliko salamu: hakina mawasiliano yasiyo na waya, nafasi yake ni ndogo kuliko ya Nomad, hakina maana. Na kwenye namba alikuwa sahihi! Nomad Jukebox ya kampuni ya Creative, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ilikuwa na gigabaiti 6. Sita ni zaidi ya tano. Hesabu haina mjomba. Ni kweli kwamba Nomad hiyo ilikuwa na umbo la mashine ya CD ya kutembea nayo, haikuingia mfukoni bila kupasua mshono, na kuijaza nyimbo kulihitaji subira ya mvuvi, ilhali iPod ilijaa kwa dakika chache. Lakini mambo hayo hayakuwamo kwenye jedwali la vipimo, na mbishi ni mtu wa jedwali. Apple iliuza iPod za kila aina zaidi ya milioni 400 kabla ya kuacha kuzitengeneza Mei 2022. Kifaa kimekufa, hukumu ya Malda bado inarudiwa na kuchekwa hadi leo. Ni mtengenezaji gani wa vifaa anayeweza kujivunia umri huo?

Utamu kamili wa ubishi, hata hivyo, ulikuwa kwenye Napster. Programu hiyo ilitoka Juni 1999 mikononi mwa Shawn Fanning, kijana aliyekuwa akisoma chuo cha Northeastern huko Boston. Mtu aliiweka kwenye kompyuta yake, folda yake ya muziki ikaonekana kwa wengine, na zao zikaonekana kwake. Seva za Napster zilitunza orodha tu ya nani ana nini. Wimbo wenyewe ulitoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Desemba mwaka huo huo, kupitia chama chao cha RIAA, makampuni ya kurekodi muziki ya Marekani yakaenda mahakamani, na mbishi akajitunuku shahada ya sheria siku hiyo hiyo. Aliyekuwa jana akigombania ukubwa wa diski, leo alifafanua kwamba kunakili si kuiba, kwa kuwa mwenye mali anabaki na mali yake. Mwenzake akamjibu kwamba mwizi ni mwizi tu. Na je, kaseti tulizokuwa tukirekodiana? Kaseti ilikwenda kwa rafiki mmoja, si kwa watu milioni ambao hata majina yao huyajui. Hapo wote wawili walikuwa na hoja, jambo ambalo kwenye ubishi ni aibu, kwa hiyo waliendelea.

Aprili 2000 wanamuziki wa bendi ya Metallica nao wakashtaki, baada ya wimbo wao “I Disappear” kuvuja na kupigwa redioni kabla haujatoka rasmi. Tarehe 3 Mei mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, akafika kwenye ofisi za Napster huko California na masanduku ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na majina ya watumiaji 335,435 waliokuwa wakigawana nyimbo za bendi hiyo. Msomaji atue kidogo hapo: orodha iliyotoka kwenye kompyuta ilichapishwa, ikafungwa kwenye maboksi, ikapakiwa garini na kupelekewa watu wa kompyuta. Na waliotajwa humo walikuwa wapenzi wa Metallica, maana nani mwingine angehangaika kupakua nyimbo zao? Julai 2001 Napster ilizimwa kutokana na amri ya mahakama. Ubishi haukuzimika, huko mahakama haina mamlaka.

Makampuni yalipoanza kuwashtaki watu mmoja mmoja mwaka 2003, mbishi akashika kikokotoo. Msichana wa miaka 12 wa New York alikuwa miongoni mwa washtakiwa wa kwanza, na mambo yakamalizwa kwa dola 2,000. Mwaka 2009 baraza la mahakama huko Minnesota lilimwamuru mama mmoja alipe dola milioni 1.92 kwa nyimbo 24. Hiyo ni dola 80,000 kwa wimbo, wakati dukani kwa Apple wimbo ulikuwa ukiuzwa senti 99 tangu 2003. Hukumu hiyo ilipunguzwa baadaye, lakini hesabu ile ilikuwa imeshasambaa kuliko wimbo wowote kati ya hizo 24.

Sasa masikio. Mfumo wa kubana muziki wa MP3 ulipikwa zaidi katika taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, na jina linalotajwa kwanza ni la Karlheinz Brandenburg. Hila yake ni kutupa kile ambacho sikio lisingekisikia: sauti ndogo inapofunikwa na kubwa iliyo karibu nayo, ya nini kuihifadhi? Kwa hila hiyo dakika moja ya muziki wa CD, inayokula megabaiti 10 hivi, inashuka hadi megabaiti moja. Brandenburg aliunoa mfumo wake kwa kusikiliza “Tom’s Diner” wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu kasoro ndogo tu humo ilijianika.

Mtu wa kawaida alishukuru na kuendelea na shughuli zake. Mbishi akauliza: kilichotupwa ni kipi, na nani alitoa ruhusa kitupwe? Akadai matoazi yanasikika kama maji yanayomwagwa, na wengine wakadai wanasikia tofauti hata kwenye kilobiti 320. Zogo likakua, wote wakiapa kwa masikio yao, mpaka kundi la wabishi wenye kiu ya ushahidi, Hydrogenaudio, lilipoanzishwa mwaka 2001 na kujiwekea sheria: hakuna kudai sauti fulani ni bora bila kupita mtihani wa kufumbwa macho. Msikilizaji anapewa A, ambayo ni asilia, na B iliyobanwa, kisha X ambayo ni mojawapo, naye aseme ni ipi. Anarudia mara nyingi, kompyuta inahesabu. Anayebahatisha atapata nusu.

Nusu! Mabingwa wangapi walikwenda na masikio ya dhahabu wakarudi na nusu, hilo tuliache, maana walioshindwa si kawaida yao kuandika. Lakini wachache walipata kumi kwa kumi, na hao ndio walioleta faida. Mmoja alikuja na sekunde chache za kastaneti, vile vibao vya mkononi vya Kihispania: kabla ya kila mgongano kulisikika mvumo mwembamba, kana kwamba sauti imejitangulia. Ni kosa halisi. Mfumo hukata muziki vipande vipande, na kelele ya kubana husambaa kipande kizima, hata kwenye kimya kilicho kabla ya kishindo. Waandishi wa LAME, programu ya bure ya kutengenezea MP3 iliyoanza mwaka 1998, walichukua malalamiko ya namna hiyo na kurekebisha toleo baada ya toleo. Mamilioni ya watu wakapata sauti safi zaidi kutokana na ugomvi ambao hawakuusikia, wa watu ambao wasingewaalika chakula cha jioni.

Na mbishi akikutana na upuuzi mtupu, hana mfano. Kampuni ya Denon ilipouza waya wa mita moja na nusu, kwa umbo ni waya wa kawaida wa mtandao wa kompyuta, kwa dola 499, tena wenye mishale ya kuonyesha upande ambao sauti ielekee, wabishi hawakulalamika. Walikwenda Amazon kuusifu. Wakaandika sifa kwa marefu na mapana, miujiza juu ya miujiza. (Ni aina ya uandishi inayostahili heshima zaidi kuliko inayopata.)

Wapo watakaosema yote haya ni mambo ya watu wasio na kazi. Mwaka 2005 jambo hilo lilipimwa. Sony BMG ilikuwa ikitoa CD ambazo, zikiwekwa kwenye kompyuta, zilipenyeza kimyakimya programu ya kuzuia kunakili na kuificha ndani kabisa ya mfumo. Tarehe 31 Oktoba fundi Mark Russinovich aliianika hadharani. Iliyofuata haikuwa hotuba bungeni. Ilikuwa kelele ya wabishi, mchana na usiku, wakieleza jinsi programu hiyo inavyofungua mlango ambao virusi navyo vinaweza kujificha nyuma yake, na kweli vikajificha. Mkuu mmoja wa kampuni alihojiwa redioni akauliza, kwa maana, kwamba ikiwa watu wengi hawajui hata kitu hicho ni nini, wajali kwa nini? Mbishi alijua, na alijali kupita kiasi. Wiki chache baadaye CD hizo zilikuwa zikirudishwa kutoka madukani.

Metallica walirudi kwenye simulizi hii mwaka 2008, kwa mlango wa nyuma. Walitoa albamu ya Death Magnetic, na wabishi wakasema imepandishwa sauti mpaka inakwaruza. Ni ugonjwa wa zama zile: kila kampuni ilitaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa jirani, mawimbi yakasukumwa juu hadi vilele vyake vikakatwa. Safari hii ushahidi ulitoka mahali pa ajabu. Albamu hiyo ilitolewa pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, na ile ya mchezo ilikuwa safi zaidi. Wabishi wakaweka michoro ya mawimbi bega kwa bega, moja ina vilima na mabonde, nyingine ni tofali. Zaidi ya watu 10,000 walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Na wengine, kwa masikitiko makubwa bila shaka, walianza kugawana toleo la mchezo kwa mafaili.

Afrika Mashariki ubishi huu ulipita kwenye kibanda cha kujazia nyimbo. Mteja alimkabidhi kijana memori kadi, akataja bongo fleva au zilizopendwa, akalipa, akaondoka. Aliyeuliza kilobiti alitazamwa kama aliyeuliza ng’ombe wa nyama ya mishikaki anaitwa nani. Baadaye huduma ya Mdundo ya Nairobi ikaja na upakuaji wa bure ulio halali, unaolipiwa na matangazo, na kibanda nacho kikapata mpinzani.

Ila hakuna kisa kinachomheshimu mbishi kama cha Mobile Fidelity. Kampuni hiyo ya Marekani ilipata jina kwa santuri za bei ghali, ambazo wanunuzi waliamini zinatoka moja kwa moja kwenye kanda asilia bila kupita kwenye kompyuta. Kisha ikatangaza toleo la Thriller ya Michael Jackson la nakala 40,000. Wabishi wakakuna vichwa: kanda ya mwaka 1982 itapitishwa mashineni mara ngapi kufikisha idadi hiyo, na ni nani angeruhusu? Julai 2022 mwenye duka moja la santuri mjini Phoenix alitangaza habari aliyoipata, na mafundi wa kampuni wakakiri: hatua ya dijitali ilikuwamo kwenye santuri zao nyingi, tangu mwaka 2011. Ni santuri zile zile zilizopewa alama za juu kabisa na watu walioapa kwamba dijitali wanaitambua hata ikiwa chumba cha pili. Kesi ikafunguliwa na kuishia kwa makubaliano ya kama dola milioni 25. Wanunuzi wakaruhusiwa kurudisha santuri wapewe fedha zao, au wabaki nazo kwa fidia ndogo. Hata hapo hawakukubaliana. Wapo waliosema dijitali ndiyo iliyozifanya zisikike vizuri vile. Na wapo waliosema kasoro waliisikia tangu siku ya kwanza, ila hawakutaka kubishana.