Jitambueni kwa Utaratibu Nilioupanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu: kamwene! Makofi, tafadhali. Hapana, hayo ni ya kumpokea diwani. Mimi hupigiwa ya kusimama.

Aliye mbele yenu ni Bingwa wa Kujitambua, Nyanda zote za Juu Kusini. Cheo hiki sikupewa na chuo chochote. Nilijitazama, nikajitambua, nikajitunuku. Suti hii imetoka Makambako na kesho saa mbili asubuhi inatakiwa irudi Makambako, lakini nimeivaa kwa masharti yangu. Wagiriki wa kale walichonga agizo la kujitambua kwenye hekalu la Delphi, kila mpita njia akalisoma bure. Leo pale pamebaki magofu. Ndiyo maana mimi natoza kiingilio.

Nimeichagua Ludewa kitaalamu. Sijaona wilaya inayojitambua kuliko hii. Liganga inajua ina chuma, tani milioni 126 kwa hesabu zinazotajwa, na titani na vanadi humo humo. Mchuchuma inajua ina makaa ya mawe. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, na mlima ukaendelea kujitambua. Mmewahi kuuona ukihangaika? Huo ndio utulivu wa nafsi ninaoufundisha: ijue hazina iliyomo ndani yako, kisha kaa umsubiri mwekezaji.

Nimesikia mzee mmoja akinong'ona kwamba mababu zake Wapangwa walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe, bila mwekezaji wala semina. Shikamoo, mzee wangu. Hilo lilikuwa kosa la kiufundi: walianza kazi kabla ya mada.

Tatizo lenu ni mkumbo. Jirani kapanda parachichi, na wewe kabla jua halijazama unaulizia miche. Aibu! Kuanzia leo kila mtu awe na fikra zake mwenyewe. Nitazigawa pale mlangoni, mjipange mstari. Saa kumi alfajiri wote mtasimama mbele ya kioo na kutamka kwa sauti moja, "Mimi si kama wengine." Atakayetofautiana na wenzake atarudia.

Msidhani haya nimeyaokota. Nimefanya utafiti wa kina, kilabuni. Ulanzi ukitoka kugemwa ni mtogwa, mtamu, hauna neno. Ukilala unakuwa mkangafu, na waliowahi kulala nao njiani mnawajua kwa majina. Nikamuuliza mgema: katika hiyo miwili, ulanzi halisi ni upi? Akanijibu huku kisu kikiwa kwenye mwanzi: "Inategemea, Profesa. Kesho una kazi au huna?" Jibu hilo nimeliweka kwenye kitabu changu, kwa jina langu, kwa kuwa mwenyewe hakuonekana kulihitaji.

Sasa ni wakati wa maswali. Msijichoshe kufikiri, nimeyaandika mimi, ili yatoke mioyoni mwenu. Mzee mwenye koti la kijivu, lako ni la nne. Simama ulisome polepole, na hapo nilipoandika "machozi", usisome. Lia.