Sentimita 20 za Ziada

Mama mkwe wangu hajawahi kulilalamikia gari langu hata siku moja. Mkwe wa Kihehe mwenye kujiheshimu hamwambii mume wa binti yake kwamba gari lake linavunja mgongo. Alichofanya ni kuanza kuja na mto. Ulianza mto mdogo wa kochi, aliouweka kitini kimyakimya kama mtu anayeficha kitu. Mwezi uliofuata ukaja mto wa kitandani, na foronya yake yenye maua. Kila mwezi namfuata kijijini, ndani kule ukishaiacha lami ya Ilula, nampeleka kliniki Iringa mjini, na kila mwezi mto unanenepa. Siku alipotoka na mito miwili nikajua nimeshitakiwa.

Gari lenyewe ni Hilux ya mwaka 1992, ile ya injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na haraka wala maradhi. Mbele ina springi za majani, nyuma springi za majani. (Kamusi inayo kamani, neno zuri kabisa, lakini nenda gereji ukaombe kamani uone watakavyokutazama.) Gari hili liliumbwa kwa ajili ya mzigo. Lipakie matenga ya nyanya mpaka juu, litakwenda kwa madaha kama bibi harusi. Lishushe mzigo, litaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwa hiyo njia ya hakika ya kumstarehesha mama mkwe ilikuwa moja tu: kumpakia pamoja na nyanya. Nililitoa wazo hilo nyumbani. Mke wangu aliendelea kuchambua mchele.

Mtu wa kawaida angenunua mto wa tatu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na msiba wote ulianzia hapo. Ugumu wa springi ya majani unapungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Niliiandika kanuni hiyo ubaoni mbele ya kidato cha tano, nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua dhahabu chini ya jiko lake. Springi zangu za nyuma nilikuwa nimezipima kwa futi kamba: sentimita 120 kwa kukadiria. Toyota ilipoleta Hilux ya kizazi cha nane mwaka 2015, ilizirefusha springi za nyuma kwa sentimita 10 kuliko za kizazi kilichotangulia, zikafika sentimita 140. Chukua 120, gawanya kwa 140, zidisha mara tatu kwa yenyewe: unapata asilimia 63. Majani yaleyale matano, unene uleule, lakini zaidi ya theluthi ya ugumu imeyeyuka bila kumwomba mtu yeyote! Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza hizo sentimita 20 za ziada zitakaa wapi. Nikamwambia tusitoke nje ya mada.

Springi hizo za kizazi cha nane nilizipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa simu, mtumba wa gari lililopinduka. Zilisafiri kwenye buti la basi zikiwa zimefungwa kwenye viroba, na mpagazi aliyezishusha stendi aliniuliza kwa upole kama ninajenga daraja.

Fundi wangu ana gereji pale Ipogolo, chini ya mwembe. Ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huyatoa akiwa chini ya gari, kwa hiyo unazungumza na miguu yake. Siku ile alitoka kabisa. Akazilaza springi mpya chini, akaweka ya zamani pembeni, akasimama mikono kiunoni.

"Kamwene, mwalimu. Hizi za gari gani?"

"Hilux."

"Na hili ni gari gani?"

"Hilux."

Akatikisa kichwa. "Mtoto unamnunulia sare inayomzidi kwa sababu atakua. Gari halikui, mwalimu."

Nikamweleza kipeo cha tatu. Nilimchorea mchangani kwa bisibisi. Alisikiliza kwa adabu zote, kisha akamtuma dogo wake akalete jeki. Fizikia sisi tunaifundisha kwa Kiingereza, lakini magari yanaharibika kwa Kiswahili, na nafikiri pengo kati yetu asubuhi ile lilikuwa hilo.

Ijumaa hiyo nilimwahidi shemeji yangu kwamba Jumapili tungebeba nyanya zake. Shemeji, kama unasoma hapa, samahani tena.

Sasa, springi ya nyuma imeshikwa sehemu tatu. Jicho la mbele limefungwa kwenye mkono uliogandamana na chasisi. Jicho la nyuma linaning'inia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyobembea, maana springi ikikandamizwa hunyooka, na ikinyooka hurefuka, hivyo lazima ipate pa kwenda. Katikati kuna senta bolti, na hapo ndipo ekseli inapokaa. Fundi alitaka tukate mikono yote miwili tuihamishe. Mimi nikasema tusiguse wa mbele, tuhamishe wa nyuma tu, kazi iwe nusu. Aliniangalia kwa muda. "Gari ni lako," akasema. Ukisikia fundi anakwambia gari ni lako, chukua ufunguo uondoke.

Tulipoishusha jeki, ekseli ilikuwa imerudi nyuma kama upana wa kiganja. Tairi la kushoto lilikuwa limelilalia bati la bodi kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Propela shafti, ambayo haikuwa na habari ya mipango yetu, ilikuwa imechomoka kwenye kiungio chake karibu yote. Ilibaki imeshikilia kwa ncha, kama mzee anayening'inia mlangoni mwa basi. Hozi ya breki ilikuwa imekazwa kiasi kwamba dogo aliipiga kwa kidole ikatoa sauti. Na vile vyuma vya kubembea, badala ya kuning'inia chini, vilikuwa vimejigeuza vikatazama juu, vimelala kwenye chasisi. Gari lilikaa hapo, tako nje, mfano wa mtu aliyevaa suruali ya kaka yake.

"Sentimita 20," fundi akasema, "ndizo hizo."

Ikabidi tuhamishe mkono wa mbele. Toyota hawakuufunga kwa nati. Waliupigilia kwa ribiti, na waliopigilia zile ribiti hawakutarajia mwalimu. Tulianza kuzikata kwa grenda saa tatu asubuhi Jumamosi. Saa nne umeme ukakatika. Saa nane ukarudi, saa nane na dakika kumi diski ya grenda ikapasuka. Nilitumwa kununua nyingine, nikaleta ya kukatia vigae. Kufikia magharibi tulikuwa tumetoa ribiti tano kati ya nane, na nyanya za shemeji zilikuwa zinaiva kwa kasi ambayo sijaiona hata kwenye jua la Januari.

Jumamosi ya pili tulichomelea. Jumamosi ya tatu tulifunga. Katikati niligundua kwamba shokapu za zamani ni fupi, kwa hiyo ukipandisha gari kwenye jeki, ekseli nzima na matairi yake vinaning'inia kwenye shokapu peke yake. Nikanunua ndefu. Nilitaka kuokoa fedha kwenye yu-bolti, zile zinazokumbatia ekseli na springi. Za zamani zilionekana nzima. Fundi alikataa katakata. Yu-bolti ikishakazwa imekwisha kuvutika, alisema, siyo soksi ya kuvaliwa mara mbili. Tena aliniagiza nirudi baada ya siku chache azikaze upya, kwa sababu majani mapya hukaa vizuri yakishatembea. Kuna pia valvu ya breki za nyuma yenye kijiti kinachosoma mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Gari likiinuka, kijiti kinadhani halijabeba kitu, kinapunguza breki za nyuma. Fundi alikirekebisha bila kuniambia. Nilikijua baadaye, nikakaa chini kidogo, nikifikiria mteremko wa Kitonga.

Springi za zamani fundi alisema nimwachie, zipo kazi zitafanya. Nilidhani zinakwenda kwa mhunzi. Mapanga mengi ya huku yalizaliwa springi.

Nikaondoka. Wasomaji wangu, lile gari lilikuwa tamu! Tuta la kwanza sikulisikia. La pili nilirudi nyuma nikalipita tena. Nilipita mbele ya shule polepole, dirisha wazi, nikitumaini yule kijana wa kidato cha tano yuko nje.

Jumapili nikabeba nyanya. Asilimia 63 ni asilimia 63 gari likiwa tupu, na ni asilimia 63 likiwa na matenga pia. Hesabu haina upendeleo. Nilikuwa nimeisoma upande mmoja tu. Nyuma ilizama mpaka chasisi ikawa inagonga zile raba za ekseli kila kishimo, na mbele ikainuka. Usiku ule, kutoka Ilula hadi mjini, taa zangu ziliangaza vilele vya miti, bundi na paa za nyumba. Kila lori lililokuja mbele lilinipigia taa kwa hasira. Trafiki mmoja alinisimamisha, akalitazama gari, akatazama mbinguni kule taa zilikoelekea.

"Mzee," akaniuliza, "umepoteza nini huko juu?"

Usiku huohuo nilipiga hesabu kwenye daftari: ili gari libebe kama zamani, majani matano yalihitaji kuwa manane. Asubuhi nilikwenda gereji na daftari langu. Fundi alikuwa ameshayatoa majani matatu kwenye springi zangu za zamani, kila upande, ameyakata na kuyapinda, yamepangwa chini ya mwembe. Hayakwenda kwa mhunzi. Aliyaweka tangu siku ya kwanza, siku ile niliyomchorea mchangani.

Majani manane. Gari sasa lina springi ndefu, za kisasa, zilizosafiri na basi, na linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tofauti ni kwamba limeinuka, kama inchi tatu hivi.

Mwisho wa mwezi nilimfuata mama mkwe. Mke wangu alikuwa ameshamweleza kwamba nimetengeneza gari kwa ajili yake, na mama alikuwa amejitahidi kuja na mto mmoja tu. Akasimama mlangoni mwa gari. Akainua mguu, haukufika. Akaujaribu mwingine.

"Hongera sana, mwanangu," akasema. "Limekuwa kubwa."

Kisha akageuka akamwita mjukuu, amletee kigoda.